Namba Saba Apepesa Macho Kisogoni

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Manyunyu yalianza alfajiri yakakatika saa tatu kasorobo; baada ya hapo jua hafifu, hewa nzito, na nguo zilizoanikwa asubuhi hazikukauka hadi jioni.

Kwa sababu ya manyunyu hayo, mzee mmoja aliyekuwa aje saa nne kurekodiwa mawimbi ya ubongo alituma ujumbe kwamba amepatwa na mafua na hatoki kitandani. Mafua ya mzee mmoja si habari ya kuandikwa, ila mzee huyo alikuwa wa ishirini. Kumi na tisa tulikwisha kuwarekodi, na mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi.

Inafaa nieleze kwanza kazi yenyewe, na mwanamke ninayemwandika.

Ofisini tunamwita Fagio. Jina lake halisi liko kwenye daftari langu, kwa kuwa mimi ndiye karani, lakini hata mlinzi wa getini humwita Fagio, na mwenyewe huitika. Ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye miwani inayomshuka puani kila mara, na kazi yake ni kusafisha. Sakafu haimhusu. Anasafisha mawimbi ya ubongo.

Mtu akija kwenye utafiti wetu huvishwa kofia ya mpira yenye vifungo vya chuma thelathini na viwili, kumi na sita mbele na kumi na sita nyuma. Kisha hukaa kitini dakika tano bila kufanya lolote: mbili macho wazi, tatu macho yamefumbwa. Basi. Tunataka kujua ubongo wa mzee unafanya nini pale ambapo mwenye ubongo hafanyi kitu. Kila kifungo huchora mstari wake kwenye kompyuta. Tatizo ni kwamba vifungo havichagui cha kuchora. Mtu akipepesa macho, mstari unaruka kama kilima. Akiuma meno, mistari inachanua kama mswaki uliochakaa. Mapigo ya moyo yanaingia. Jasho likimtoka, mistari inapanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyeshiba. Hata umeme wa ukutani unavuma humo humo. Yote hayo ni uchafu, na lazima yatolewe kabla watafiti hawajaanza kuhesabu. La sivyo watatangaza kwamba wamegundua siri ya uzee, kumbe wamegundua mtu aliyekuwa anatafuna.

Fagio hukaa mbele ya skrini, sekunde kumi kwa ukurasa, kurasa thelathini kwa mtu mmoja. Anaweka alama, anakata, na anaandika sababu ya kila alichokata. Amefanya hivyo kwa miaka kumi na moja. Kazi imemwingia mwilini kiasi kwamba nyumbani hawezi tena kumtazama mtu kama watu wanavyotazamana.

"Umepepesa mara kumi na nne tangu ukae," alimwambia mumewe siku moja mezani. Mumewe ni fundi viatu, mtu mpole.

"Mke wangu, mimi nakula. Sirekodiwi."

"Na unatafunia upande wa kulia tu."

"Basi nikate," akasema fundi viatu, akajiongezea mchuzi.

Sasa, Fagio ameishia kidato cha nne na cheti cha mitambo. Katika ripoti zote zilizotoka kwetu miaka hiyo kumi na moja, jina lake halikuonekana hata mara moja. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, huwa pana mstari wa kuwashukuru "wasaidizi wote", na yeye yumo humo pamoja na mimi na mtu wa kuleta maji. Safari hii Mkuu wa utafiti alimwahidi jambo. Wazee wakitimia ishirini, na rekodi zao zote zikapita kwa mkaguzi, jina la Fagio litachapishwa juu, kwenye orodha moja na watafiti. Wasipotimia, kundi la wazee linafutwa na ripoti inatoka ya vijana peke yao, ambao rekodi zao zilisafishwa na ofisi nyingine. Fagio alinieleza habari hiyo huku anafuta miwani, na aliifuta hadi nikaogopa kioo kitatoboka.

Ndiyo maana siku ile ya manyunyu tulisimama watatu kwenye ukumbi, Fagio, mimi, na Nesi ambaye ndiye huwavisha watu kofia, tukitazamana.

"Tunamtaka mtu wa zaidi ya miaka sitini na tano," Nesi akasema, "mzima wa afya, asiyewahi kuumia kichwa, na asiye na kazi sasa hivi. Nani anamjua?"

Fagio akaisukuma miwani yake juu.

"Ninaye mmoja," akasema. "Mama mkwe wangu. Ila hajawahi kutulia dakika tano tangu nimjue, na nimemjua miaka kumi na minane."

"Mlete," Nesi akasema.

Mama mkwe alifika saa tano na robo. Ana miaka sabini na mmoja, mfupi, mgongo umenyooka kama rula. Alikuja na taulo lake mwenyewe, kwa kuwa taulo za ofisi hazijui. Alisoma fomu ya kukubali kushiriki, kurasa zote nne, akiwa amesimama, akauliza kwa nini ukurasa wa tatu umechapwa mshazari. Nikamwambia ni mashine. Akasema mashine haijichapi yenyewe. Akatia sahihi.

Fagio alikwisha kutolewa nje ya jengo. Kanuni yetu ni kwamba msafishaji asijue anamsafisha nani, asije akampendelea mtu. Alijua mama mkwe wake atakuwa mmoja wa ishirini, hilo halikuepukika, ila hakutakiwa kujua ni yupi. Mimi ndiye niliyechanganya rekodi zote baadaye, kwa kuchomoa vikaratasi kwenye bakuli, nikazipa namba mpya na kuifungia orodha kwenye droo yangu.

Chumba cha kurekodia kimetengwa na changu kwa ubao tu, kwa hiyo nilisikia. Nesi alimpima kichwa, akaandaa kofia mezani, kisha akaenda jikoni kufuata maji ya vuguvugu ya kulowesha nywele chini ya kofia. Bomba la jikoni siku hiyo lilikuwa linadondosha matone, na alikawia kama dakika kumi. Aliporudi, nikasikia hivi:

"Sasa Mama, utakaa hapa, utazame ile alama ukutani. Usifanye kitu chochote."

"Kwa muda gani?"

"Dakika mbili. Halafu utafumba macho dakika tatu."

"Nikifumba nifikirie nini?"

"Usifikirie kitu."

"Nisifikirie kitu! Wewe mtoto wa watu, una watoto?"

"Wawili, Mama."

"Basi waachie hao wasifikirie. Mimi nina mambo."

"Haya, fikiria chochote, ila usiseme."

"Nisiseme. Wala nisitikise kichwa?"

"Wala usiume meno."

"Washa mtambo wako, kabla sijakumbuka jambo."

Dakika tano zilipita bila sauti. Nesi akatoka, akaja mlangoni kwangu.

"Ametulia kuliko wote," akaninong'oneza. "Lakini taya, Karani! Lile taya lilikuwa linafanya kazi peke yake."

Kofia ikachomolewa, ikaoshwa kama inavyooshwa baada ya kila mtu, ikaanikwa, na jioni Nesi akairudisha kwenye mashine. Mama mkwe akarudi nyumbani. Kabla ya saa kumi mtaa wao mzima ulikuwa umeshajua kwamba ubongo wake umechaguliwa.

Jumanne Fagio alisafisha sita za kwanza bila shida. Namba tatu alisinzia mwishoni, na sekunde zake za usingizi zikakatwa. Namba tano alikuwa na moyo unaodunda hadi masikioni. Mambo ya kawaida. Jumatano saa tatu na nusu akafungua namba saba. Nikasikia kiti chake kikirudi nyuma.

"Karani, njoo uone kitu."

Nikaenda. Miaka yote hiyo hajawahi kuniita nione kitu.

"Unaona vilima hivi? Ni macho yanapepesa. Vilima vya macho hutokea huku juu, kwenye vifungo vya paji la uso, kwa kuwa macho ya binadamu yako mbele. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa mtazame huyu. Mbele shwari. Vilima viko huku chini kwenye vifungo vya nyuma. Huyu mtu anapepesa macho kisogoni."

"Labda ni ugonjwa," nikasema.

"Hakuna ugonjwa wa hivyo, Karani. Na subiri. Mtu akifumba macho hutokea mawimbi mazuri, ya kwenda taratibu, kama kumi kwa sekunde. Kwa kila mtu hutokea nyuma. Kwa huyu yametokea kwenye paji la uso. Amevaa kichwa nyuma mbele. Ni nani huyu?"

Nilijua ni nani. Nilitazama viatu vyangu.

"Unakohoa nini?" Fagio akauliza.

"Koo tu," nikasema, nikarudi mezani kwangu.

Hakuacha kazi kwa ajili ya mshangao. Kwanza alikata sehemu mbovu za namba saba kama angefanya kwa yeyote. Taya lilikuwa limechafua kurasa nyingi. Alitoa dakika moja na sekunde arobaini na tisa. Zikabaki dakika tatu na sekunde kumi na moja, na kiwango cha chini ni dakika tatu. Akaandika saa, tano na dakika ishirini, nami nikatia sahihi pembeni. Ndipo akaenda kwa Nesi kuikagua mashine.

Kofia yetu huungwa na mashine kwa mikanda miwili bapa. Mmoja una nyaya za vifungo vya mbele, mwingine vya nyuma. Plagi zake zinafanana. Zamani zilikuwa na alama za rangi, lakini tumezifuta kwa spiriti kila siku hadi rangi zikaisha. Nesi huzijua kwa mkono. Walipokagua, mikanda yote ilikuwa mahali pake. Nesi akavaa kofia, akapepesa. Vilima vikatokea mbele, kama kawaida ya binadamu.

"Dada Fagio, hapa mikanda ilipishana siku hiyo," Nesi akasema. "Badilisha tu majina kwenye kompyuta. Ya mbele uandike nyuma, ya nyuma uandike mbele. Dakika moja umemaliza."

"Nani kaniambia ilipishana?"

"Si inaonekana?"

"Inaonekana. Na kwenye sababu niandike nini? 'Inaonekana'? Wewe uliichomeka vibaya?"

"Mimi? Kwa mikono hii? Naichomeka sawa kila mara, na haiguswi."

"Basi sina sababu. Na kisicho na sababu sikigusi. Namba saba anatupwa."

Akitupwa, wanabaki kumi na tisa. Wote tulijua hesabu hiyo. Fagio hakula mchana. Alimaliza namba nane hadi ishirini kwa haraka ambayo si yake, akarudi nyumbani saa kumi na moja na nusu.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na fundi viatu mwenyewe, nilipompelekea viatu vyangu kubadilisha soli. Walikaa mezani wanne: yeye, mkewe, mama yake, na binti yao wa kidato cha pili. Walikula kwa muda, hadi fundi viatu akaingiwa na wasiwasi.

"Leo hujanihesabu macho," akamwambia mkewe. "Unaumwa?"

"Kesho namtupa mtu."

"Mtu gani?" mama mkwe akauliza.

"Namba saba. Simjui. Rekodi yake imegeuka nyuma mbele, na sijui sababu."

"Mtupe," mama mkwe akasema, akivuta bakuli la mboga. "Watu wengine hawafai kwa utafiti. Na hiyo ofisi yenu yenyewe, mwanangu, nisamehe. Juzi nimekaa kile chumba namngoja yule nesi na maji yake. Chini ya mashine kuna vumbi la kupandia mbegu. Nikashindwa kulitazama. Nikalifuta."

Fagio akaweka kijiko chini.

"Ulifuta chini ya mashine, Mama?"

"Sasa kama vumbi liko chini, nifute juu?"

"Uliinyanyua?"

"Nilichomoa ile mikanda miwili, nikainyanyua, nikafuta, nikarudisha kila kitu mahali pake."

"Mahali pake?"

"Mahali pake. Nimepanga nyumba miaka hamsini, nishindwe na mikanda miwili?"

Binti ndiye aliyeanza kucheka.

"Bibi! Namba saba ni wewe!"

Mama mkwe akasimamisha kijiko hewani.

"Mimi ndiye wa kutupwa?"

"Umesema nimtupe, Mama," Fagio akasema.

"Nilisema mtu. Sikusema mimi."

Hapo Fagio akamweleza kwa upole. Njia bado ipo. Kesho aje ofisini, amwambie mkaguzi kwamba alichomoa mikanda akaichomeka vibaya, sababu iandikwe, rekodi irekebishwe, wazee wawe ishirini. Ni maneno machache tu.

"Sikuichomeka vibaya," mama mkwe akasema.

"Mama, lakini kompyuta inaonyesha..."

"Kompyuta ilikuwepo nikifuta?"

Fundi viatu anasema katika maisha yake yote hajawahi kusikia neno "nilikosea" likitoka kinywani mwa mama yake. Alipokuwa darasa la kwanza alivishwa viatu viwili vya mguu wa kushoto, akaenda navyo shule wiki nzima, na hadi leo mama anasema kosa ni la miguu. Mimi nadhani ndiyo sababu akawa fundi viatu, ila hilo sikumwuliza.

"Afadhali nitupwe na heshima yangu," mama mkwe akasema. Akachukua sahani yake na kwenda kumalizia chakula chumbani, akafunga mlango.

Alhamisi mkaguzi alifika saa tatu. Ni mwanamke mrefu mwenye rula ya chuma, ambayo huiweka chini ya kila mstari anaousoma. Kufikia saa saba alikuwa amepitisha rekodi kumi na tisa, na mara mbili alisema "vizuri", neno ambalo Mkuu wetu anasema hajawahi kulisikia kwake. Kisha akafika namba saba, iliyokuwa imewekwa ya mwisho. Rula ikasimama.

Fagio akamweleza kila kitu, bila kuficha: vilima vya kisogoni, vumbi, chakula cha jioni, na kwamba aliyechomoa mikanda ni mama mkwe wake na hataki kuja.

"Habari za mezani siziandiki," mkaguzi akasema. "Aliyefanya aje, anionyeshe alivyofanya, kwa mikono yake. Nikiona, nitaandika. Nisipoona, ni kumi na tisa. Naondoka saa tisa."

Fagio akapiga simu nyumbani, haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa. Akampigia mumewe kibandani kwake, akamwambia maneno manne: "Mkaguzi anaondoka saa tisa." Akakaa kwenye kiti cha kurekodia, kile kile cha kutofanya lolote, na nilipopita nikaona taya lake linafanya kazi.

Fundi viatu alifunga kibanda, akaenda nyumbani, akamkuta mama yake anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Mama, wanataka kuandika kwamba rekodi yako imetupwa."

"Waandike."

"Na mahali pa sababu wanaandika 'vumbi'."

"Vumbi la nani?"

"Hawajasema la nani. Wanaandika 'vumbi', na pembeni namba yako."

Hakuna aliyesema hivyo. Fundi viatu alikiri mwenyewe mbele yangu kwamba aliitunga njiani, na haoni haya. Saa nane na nusu mama mkwe alikuwa getini, kitambaa cha kufutia mkononi, mwanawe nyuma yake akihema.

"Nani hapa anaandika kwamba mimi nina vumbi?"

Mkaguzi akasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye rula?"

"Ndiye mimi."

"Basi andika: vumbi lilikuwa lao."

"Nitaandika. Nionyeshe kwanza ulivyolifuta."

Tukaingia chumbani wote: mkaguzi, Mkuu, Fagio, Nesi, fundi viatu, na mimi na daftari langu mlangoni. Mashine ikawekwa kama ilivyokuwa Jumatatu, kofia mezani, mikanda imechomekwa. Mama mkwe akapita moja kwa moja hadi nyuma ya mashine, upande wa dirisha.

"Nilisimama hapa, penye mwanga. Mashimo yako huko mbele, kwa hiyo niliinama hivi." Akainama juu ya mashine kama anayechungulia kisima, akachomoa mikanda. "Huu wa kushoto, bega la kushoto. Huu wa kulia, bega la kulia. Sasa mikono iko huru, mnaona? Nyinyi mngeitupa sakafuni."

Kofia ikawa inaning'inia kifuani kwake kama nishani. Akainyanyua mashine kwa mkono mmoja, akafuta kwa mwingine, akatuonyesha kitambaa, mmoja mmoja. Alipofika kwa Mkuu alisimama kidogo.

"Jumatatu nilifuta. Leo Alhamisi."

Mkuu akatazama dari.

"Endelea, Mama," mkaguzi akasema.

"Kuchomoa unaweza kwa kuinama. Kuchomeka lazima uone shimo. Kwa hiyo nikazunguka." Akazunguka hadi mbele, akageuka, akaitazama mashine uso kwa uso. "Bega la kushoto, shimo la kushoto." Akachomeka. "Bega la kulia, shimo la kulia." Akachomeka. "Kila kitu mahali pake."

"Usiguse tena chochote," mkaguzi akasema, rula juu. "Nesi, vaa kofia."

Nesi akavaa bila hata kulowesha nywele, akakaa, akapepesa mara tatu. Sote tukatazama skrini. Mbele shwari. Kisogoni vikatokea vilima vitatu, vimenyooka safi. Fundi viatu akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Kwa hiyo, Mama," mkaguzi akasema, kalamu tayari, "ulikosea upande."

Fagio alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilimwona anamtazama mama mkwe wake jinsi anavyotazama ukurasa ambao bado hajaamua kuukata.

"Sikukosea," mama mkwe akasema. "Kushoto ilikuwa kushoto na kulia ilikuwa kulia. Nilichofanya ni kuzunguka."

Mkaguzi akamtazama. Akaitazama mashine, mbele, kisha akaenda kuitazama kwa nyuma, akiwa ameweka mikono mabegani kama mtu aliyebeba kitu. Akarudi mbele. Akaandika taratibu, akisoma kwa sauti: "Aliyefanya... anasema... alizunguka."

"Hiyo inatosha?" Mkuu akauliza.

"Inatosha kuliko 'alikosea'. 'Alikosea' isingenieleza kitu." Akamgeukia Fagio. "Sehemu mbovu ulizikata kabla ya kujua huyu ni nani, au baada?"

"Kabla. Jumatano saa tano na dakika ishirini. Nilijua jioni."

Mkaguzi akaninyooshea mkono, nikampa daftari. Akaweka rula chini ya sahihi yangu, akaitazama muda mrefu kuliko sahihi yangu inavyostahili.

"Badilisha majina ya vifungo, andika sababu kama nilivyoiandika mimi," akasema. "Ni ishirini."

Fagio akaachia ukingo wa meza. Alikwenda kumshika mama mkwe wake mikono yote miwili.

"Niachie, mwanangu," mama mkwe akasema. "Mikono ina vumbi la ofisi yenu." Lakini hakuitoa.

Ijumaa kulikucha kukavu, upepo kidogo. Fagio alifika saa mbili kasorobo akiwa na chupa ya rangi nyekundu ya kucha aliyoiomba kwa binti yake, akapaka plagi ya mbele na shimo lake, akavipulizia hadi vikakauka. Akabadilisha majina ya vifungo vya namba saba na kuandika sababu, mistari kumi na mmoja. Aliniambia kwamba wakati wa chai mama mkwe alitaka na jina lake lichapishwe, akaelezwa kwamba washiriki huandikwa kwa namba, akasema basi hiyo saba iandikwe kubwa.

Saa tatu Mkuu alimletea fomu yenye mstari mmoja mtupu: jina kama litakavyochapishwa. Fagio akaiweka mezani, akafuta miwani. Akaandika majina yake matatu kwa penseli. Akayapitia herufi kwa herufi, kidole chini ya kila moja, akarudia kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kisha akayapitisha kalamu ya wino. Akaniomba niyalinganishe na daftari. Yalikuwa sawa. Akafuta alama ya penseli iliyobaki chini ya herufi ya mwisho, akapuliza karatasi, akapanda nayo ngazi hadi ghorofa ya pili kwa Mkuu, ameishika kwa mikono miwili.